Gari linagonga nyuma: ni shokapu, linki, bushi au kitu kingine kabisa?

Gari likianza kugonga nyuma, wengi hukimbilia kununua shokapu. Ndiyo sehemu ya saspensheni (mfumo unaolibeba gari juu ya magurudumu na kumeza mashimo) ambayo kila mtu anaijua jina, unaiona ukiinama tu, na fundi akisema zimekufa hakuna anayebisha. Mimi nilivalisha gari langu shokapu mpya mbili, nikatoka gereji, na kwenye tuta la kwanza likagonga vilevile. Kilichokuwa kinagonga ni linki ya stebilaiza, kipande chenye urefu wa kiganja. Tangu hapo siruhusu nati ifunguliwe kabla sijajibu swali moja: linagonga wakati gani?

Nasema "wakati gani" kwa makusudi. Watu huuliza linagonga vipi na linagonga upande gani, na majibu ya maswali hayo mawili hupotosha. Bodi ya gari ni bati moja lililounganishwa. Mlio ukizaliwa kwenye gurudumu la kushoto unaweza kusikika kama unatoka chini ya kiti cha kulia. Kitu kidogo kilichofungwa moja kwa moja kwenye bodi husikika kikubwa ndani, na kitu kikubwa kilichozungukwa na raba husikika kidogo. Lakini wakati haudanganyi. Kila sehemu ya saspensheni ina kazi yake, na sehemu iliyolegea hulia pale inapotakiwa kufanya kazi hiyo. Ukijua nguvu ilikuwa inaelekea wapi mlio ulipotokea, watuhumiwa kumi hubaki wawili au watatu, na hao ndio wa kuwalinganisha.

Kwanza, yasiyo ya saspensheni

Hapa nitapita haraka, lakini usiparuke. Kaza nati za magurudumu. Fanya hivyo kabla ya yote, hata kama una hakika ziko sawa, hasa ikiwa tairi lilifunguliwa hivi karibuni. Kisha toa kila kitu kwenye buti: jeki, spana ya magurudumu, tairi la spea, pembetatu, kopo la mafuta lililosahaulika. Pita barabara ileile kwa mwendo uleule. Likinyamaza, kazi imeisha.

Likiendelea, funga kitambaa au utepe kwenye kile chuma ambacho kufuli ya mlango wa buti hukishika, halafu jaribu tena. Fanya hivyohivyo kwenye kufuli za viti vya nyuma vinavyolala. Kufuli iliyolegea hutoa mlio unaofanana ajabu na mlio wa linki, ingawa mara nyingi kufuli husikika juu, usawa wa mabega yako, na linki husikika chini, upande wa sakafu.

Ekzosi nayo huingizwa kwenye kesi hii mara nyingi. Bomba linaning'inia kwa raba, na raba ikikatika bomba hugonga bodi au ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Njia ya kulitofautisha ni kusikiliza wakati wa kuwasha na kuzima injini gari likiwa limesimama. Injini hutikisika kwa muda mfupi na kulitikisa bomba, na mlio unatokea bila gurudumu kusogea hata kidogo. Saspensheni haiwezi kulia hivyo. Likishapoa kabisa, lishike bomba kwa mkono ulitikise huku na huku. Likigusa chuma utasikia.

Linki ya stebilaiza dhidi ya mauntingi ya shokapu

Hawa wawili ndio wanaochanganywa kuliko wote, na ndio walionigharimu mimi. Wote hugonga kwa mwendo mdogo kwenye barabara yenye vishimo vidogo vidogo. Wote hutoa mlio mkavu, ko ko ko. Wote hupungua mwendo ukiongezeka, kwa sababu kelele za upepo na matairi huwameza. Ndiyo maana fundi anayesikiliza kwa sikio tu hukosea.

Angalia kazi zao. Chuma cha stebilaiza kimeunganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na kazi yake ni kupinga gari lisilale upande mmoja. Gurudumu moja likipanda na lingine likibaki, chuma hujipinda, na linki zilizo kwenye ncha zake hubeba nguvu hiyo. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, chuma huzunguka tu mahali pake bila kujipinda, na linki hazina kazi kubwa.

Shokapu haijali kama magurudumu yamepanda pamoja au moja moja. Kila gurudumu likienda juu au chini, shokapu inafanya kazi, na mauntingi yake ya juu, yaani kishikizo kinachoifunga kwenye bodi, inabeba nguvu hiyo.

Kwa hiyo jaribio lake ni jepesi. Tafuta tuta lililonyooka na ulivuke kwa mwendo wa mtu anayetembea, magurudumu yote mawili ya nyuma yakipanda kwa wakati mmoja. Kisha livuke tena kwa mshazari, gurudumu moja litangulie. Likinyamaza au kupungua sana ulipopita moja kwa moja na kugonga ulipopita mshazari, mshuku linki, au bushi, zile raba zinazoshika chuma cha stebilaiza kwenye bodi. Likigonga mara zote mbili, mshuku mauntingi ya shokapu.

Ukitaka hakika zaidi kuhusu linki, zifungue zote mbili, kushoto na kulia, zifunge kwa kamba zisiguse kitu, na uendeshe polepole mahali pasipo na magari. Gari litalala zaidi kwenye kona, kwa hiyo usikimbie wala usiende mbali. Ukimya hapo ni jibu kamili. Sijui jaribio lingine kwenye saspensheni linalotoa jibu la wazi kiasi hicho bila kununua chochote, na nashangaa halifanywi mara nyingi zaidi. Ila kabla ya kuanza kuitafuta, hakikisha gari lako lina linki za nyuma. Magari mengi madogo yenye ekseli ya nyuma ya kipande kimoja hayana kabisa, kwa sababu ekseli yenyewe hujipinda na kufanya kazi ya stebilaiza.

Kwa mauntingi, mkono ni bora kuliko sikio. Kwenye magari mengi kichwa cha shokapu ya nyuma hufikiwa kwa kufunua zulia la buti au kifuniko kilicho nyuma ya kiti. Weka vidole juu ya kichwa hicho wakati mwenzako analibonyeza na kuliachia gari kwenye kona yake iliyo juu ya shokapu hiyo. Mauntingi iliyolegea utaihisi inaruka chini ya vidole, pigo moja likishuka na pigo moja likipanda. Usiingize mkono chini kwenye springi.

Kuna jambo moja kuhusu shokapu mpya. Gari likianza kugonga siku shokapu mpya zilipowekwa, usikimbilie kusema spea ni mbovu. Angalia kama nati ya juu imekazwa, kama vipete na washa zake zote zimerudi mahali pake kwa mpangilio wake. Pia shokapu nyingi zilizolazwa stoo muda mrefu huwa na hewa iliyohama mahali pake. Zinatakiwa zisimamishwe wima na kuvutwa na kubonyezwa taratibu mara kadhaa kabla ya kufungwa. Fundi asipofanya hivyo, shokapu mpya kabisa inaweza kutoa mlio wa kugonga kwa muda.

Shokapu iliyokufa dhidi ya springi iliyovunjika

Shokapu iliyochoka ndani, tofauti na mauntingi yake, mara nyingi haigongi yenyewe. Inaliacha gurudumu lirukeruke, na unachosikia ni tairi likipiga lami na saspensheni ikifika mwisho wa safari yake. Mlio wake ni mzito, unakuja na hisia: nyuma ya gari inaelea baada ya tuta, inapanda na kushuka zaidi ya mara moja kabla ya kutulia. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, ukizunguka. Ukihisi mabonde na vilima, tairi hilo limekuwa likidunda kwa muda mrefu.

Watu hupenda jaribio la kubonyeza kona ya gari na kuiachia. Lina thamani upande mmoja tu. Gari likidunda mara mbili tatu, shokapu imekufa, hakuna mjadala. Lakini likitulia vizuri, hujathibitisha kwamba ni nzima, kwa kuwa mkono wako unalisukuma polepole kuliko shimo linavyosukuma gurudumu. Kuhusu mafuta, utandu mwembamba ulioshika vumbi karibu na sili ya shokapu ni wa kawaida. Mafuta yanayotiririka hadi chini na kulowesha mwili wa shokapu ni ya kuibadilisha.

Springi ya kuzunguka iliyovunjika ina tabia nyingine. Mlio wake ni wa chuma juu ya chuma, mwembamba, na hutokea hata gari likianza tu kuondoka au likilala kwenye kona, pale vipande viwili vinapotelezeana. Wakati mwingine springi hukatika gari likiwa limeegeshwa na mwenyewe husikia kishindo kimoja tu asijue kimetoka wapi.

Kipimo chake ni utepe wa kupimia. Simamisha gari kwenye sakafu iliyo sawa, bila mzigo, upepo wa matairi ukiwa sawa. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa matigadi juu yake, kushoto na kulia. Upande ulioshuka waziwazi unastahili tochi. Ipeleke tochi kwenye mzunguko wa mwisho kabisa wa springi, hasa wa chini, ule unaokaa kwenye kikombe chake. Hapo ndipo tope na maji hukaa, rangi hutoka, kutu huingia, na hapo ndipo springi nyingi hukatikia. Ukitazama katikati ya springi tu utasema ni nzima. Nimeona springi iliyokatika ikapita macho ya mafundi wawili kwa sababu hiyo, kipande kimebaki kimelala kimya ndani ya kikombe kama vile hakuna kilichotokea.

Bushi za amu dhidi ya difu na propela shafti

Hapa mlio unabadilika. Husikii tena ko ko ko. Unasikia pigo moja, du!, na mara nyingi barabara ni laini kabisa.

Bushi ni raba iliyogandishwa kati ya vyuma viwili. Inaziruhusu amu, yaani mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na bodi, zipande na kushuka huku ikizizuia zisisogee mbele na nyuma. Raba ikichanika, chuma cha ndani hupata nafasi ya kukimbia na kugonga cha nje. Na nguvu inayokisukuma mbele na nyuma ni ipi? Ni breki na mwendo. Kwa hiyo bushi ya amu inayovuta gurudumu, au zile bushi mbili kubwa zinazoshika ekseli ya nyuma ya kipande kimoja, hugonga unapofunga breki, unapoondoka, na zaidi unapotoka rivasi kwenda mbele.

Jaribu uwanjani. Nenda mbele mwendo wa kutembea, funga breki ghafla. Rudi nyuma, funga tena. Pigo moja kila upande unapobadilika ni sahihi ya bushi. Linki ya stebilaiza haitoi mlio kwa jaribio hili kwa kuwa gari halilali upande wowote. Dalili nyingine huhisiwa na kiti: ukibadilisha njia barabarani, mkia wa gari huchelewa kidogo halafu huja wenyewe, kana kwamba kuna mtu nyuma anayeshika usukani wa pili. Dalili hiyo ikiwepo, usiendelee kufikiria shokapu.

Sasa difu, zile gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu, na propela shafti, mhimili unaoleta nguvu hiyo kutoka mbele. Nazo hutoa pigo moja, nazo hutoa unapotoka rivasi kwenda mbele, na hapo ndipo watu hubadilisha bushi za amu bure. Tofauti ni kwamba difu hujibu nguvu ya injini, na bushi ya amu hujibu breki pia. Endesha barabara laini kwa mwendo wa wastani, kanyaga mafuta kidogo, achia, kanyaga, achia, bila kugusa breki. Pigo kila unapokanyaga na kuachia linaelekeza kwenye krosi (viungo) za propela shafti au raba zinazoshika difu. Kisha jaribu kinyume chake: gia ikiwa huru, gari likiserereka polepole kwenye uwanja tambarare na injini ikiwa inaunguruma, funga breki. Likigonga hapo, injini haihusiki. Rudi kwenye bushi. Krosi iliyochoka sana huongeza mtetemo mwendo ukipanda, jambo ambalo bushi ya amu kwa kawaida haifanyi.

Na kama gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele pekee, futa mstari huu wote. Halina difu wala propela shafti nyuma, na anayekuambia ibadilishwe hajalitazama gari.

Kwa macho, bushi inataka subira. Nyufa nyembamba juu ya raba ni uzee, na uzee peke yake haugongi. Unachotafuta ni raba iliyoachana na chuma, chuma cha ndani kilichohama katikati, au alama inayong'aa pale chuma kinapogusa chuma. Baadhi ya bushi zina maji mazito ndani. Michirizi myeusi ikishuka kutoka kwenye bushi maana yake imepasuka. Ingiza mtaimbo kati ya amu na bodi, sukuma taratibu. Raba nzima hukubali kidogo na kurudi. Iliyokatika hukubali kwa urahisi, halafu husimama ghafla.

Breki, kwa ufupi

Padi zilizolegea ndani ya kalipa, kile kifaa kinachozibana kwenye diski, kwa sababu vibanio vyake havikurudishwa au pini zake zimelika, hucheza kwenye barabara mbovu na kutoa mlio kama wa linki. Ukiwa unapita sehemu inayolia, gusa breki kidogo sana, kiasi cha padi kubana diski tu. Mlio ukikatika papo hapo na kurudi ukiachia, ni breki. Hakuna sehemu ya saspensheni inayonyamaza kwa namna hiyo.

Beringi ya gurudumu pia huitwa kwenye kesi hii, lakini sauti yake ya kawaida ni mvumo unaopanda pamoja na mwendo na kubadilika kwenye kona. Ikishafika hatua ya kugonga imeharibika sana, na gurudumu lenyewe litacheza ukilishika juu na chini na kulitikisa.

Mwenye springi bapa asome hapa

Pikapu na magari ya mizigo yenye springi za vyuma bapa vilivyopangwa yana watuhumiwa wake. Kuna bushi za shakeli, zile zinazoruhusu springi irefuke na kufupika. Kuna U-bolti zinazoibana ekseli kwenye springi, na kuna senta bolti inayoshikilia vyuma pamoja na kuiweka ekseli mahali pake.

Shakeli iliyochoka hulia kwenye mashimo, gari likiwa tupu zaidi kuliko likiwa na mzigo, na mlio wake ni wa kuchakachaka. U-bolti iliyolegea hulia kama bushi ya amu: pigo moja wakati wa kuondoka na kufunga breki, kwa sababu ekseli inasogea juu ya kiti chake. Kati ya hizo mbili, U-bolti ndiyo ya kuogopa. Ikilegea, nguvu yote huhamia kwenye senta bolti, na senta bolti ikikatika ekseli hukimbia upande mmoja na gari huanza kutembea mshazari. Tafuta unga wa kutu au mng'ao kati ya springi na kiti chake. Hapo pana msuguano usiotakiwa. U-bolti zikishafunguliwa zinatakiwa zikazwe kwa kipimo na zikazwe tena baada ya gari kutembea kidogo na vyuma kukaa, na hatua hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa.

Mzigo nao husema kitu

Waweke watu wawili wazima kiti cha nyuma na upite njia ileile. Mlio ukipotea, mara nyingi kuna kitu kinachocheza gari likiwa jepesi: linki, mauntingi, kikombe cha springi kilichopoteza raba yake. Mlio ukizidi, tazama vitu vinavyogusana gari likishuka: raba za kuzuia mwisho zilizokatika, springi zilizochoka, ekzosi iliyo karibu na ekseli. Si kipimo cha kumaliza kesi, lakini kwenye gari lenye milio miwili kwa pamoja huwa kinasaidia kutenganisha.

Kupimia kwenye jeki au kwenye matairi?

Wengi hupandisha gurudumu moja kwa jeki, hulitikisa, husema halichezi, huliteremsha. Kwa kuangalia beringi na boli jointi (kiungo chenye kichwa cha mviringo kwenye ncha ya amu), sawa. Kwa linki ya stebilaiza, umejifichia ukweli mwenyewe. Upande mmoja ukining'inia na mwingine ukiwa chini, chuma cha stebilaiza kimejipinda na linki imevutwa hadi ikakaza. Hata iliyokufa itaonekana ngumu. Linki inataka magurudumu yote mawili yawe sawa, yote chini au yote juu.

Napendelea shimo la gereji au lifti ambayo gari hupandia juu yake kwa matairi. Uzito ukiwa kwenye magurudumu, kila bushi iko pale inapofanyia kazi, na ukimwomba mwenzako alitikise gari ubavuni, utaona kwa macho kinachocheza. Kama huna, basi jeki pamoja na stendi mbili imara chini ya sehemu zilizowekwa na mtengenezaji. Usiingie chini ya gari linalobebwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja. Na kumbuka kwamba kwenye magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma; ukiyapandisha hayo, breki hiyo haizuii tena gari kuserereka, kwa hiyo tegemea vizuizi ulivyoweka mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele.

Umempata: bushi peke yake au amu nzima?

Bushi peke yake ni chaguo zuri pale amu ni nzima, haina kutu ya kula chuma, na fundi ana presi ya kuisukuma ndani. Kuitwanga kwa nyundo huiumiza kabla haijaanza kazi. Kuna bushi zenye matundu upande mmoja, na matundu hayo yana mwelekeo wake. Zikiwekwa zimegeuka, gari huwa gumu au legelege na bushi hufa mapema. Tia alama kwenye amu kabla ya kuitoa ya zamani. Amu nzima naichagua pale ina boli jointi isiyotoka, ambayo nayo imeanza kucheza, au bushi zote mbili zimekwisha. Kubadilisha bushi leo na kurudi kwa boli jointi baada ya muda mfupi ni kufungua boliti zilezile mara mbili.

Raba au poliyurethani? Poliyurethani ni ngumu zaidi, haiogopi mafuta kama raba, na hudumu. Lakini hupitisha zaidi mitetemo na kelele ndani, huhitaji grisi yake maalumu, na haifai pale amu inapojipinda kuelekea pande nyingi. Kwa gari la familia nachagua raba bila kusita. Na raba usiipake grisi ya kawaida ya petroli kutuliza mlio. Mafuta hayo huivimbisha na kuilainisha.

Jambo linaloua bushi mpya kuliko yote ni kukaza boliti yake gari likining'inia. Boliti hubana chuma cha ndani kisizunguke, na raba ndiyo inayojipinda. Ukiikaza magurudumu yakiwa chini kabisa hewani, halafu ukateremsha gari, raba inaanza maisha ikiwa imepindwa, na inabaki hivyo mchana na usiku mpaka ichanike. Boliti zifungwe kwa mkono, gari literemshwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe kwa kipimo. Muulize fundi wako kabla hajaanza atazikazia wapi. Jibu lake litakuonyesha kama anaijua kazi.

Shokapu na springi zibadilishe mbili mbili kwenye ekseli moja, vinginevyo upande mmoja utakuwa mgumu kuliko mwingine. Linki unaweza kubadilisha moja, ingawa ya pili ina umri uleule.

Lipi linasubiri, lipi halisubiri

Linki ya stebilaiza inakera kuliko inavyotishia. Ukiendesha kwa uangalifu inaweza kusubiri siku kadhaa. Mauntingi ya shokapu isisubiri muda mrefu, kwa sababu kugonga kudogo hupanua tundu lake kwenye bodi. Shokapu zilizokufa huongeza umbali wa kusimama kwenye barabara mbovu, maana tairi lililo hewani halishiki breki. Bushi ya amu iliyoachana kabisa inaliacha gurudumu la nyuma lijiongoze. Liendeshe polepole hadi gereji iliyo karibu, si safari. Springi iliyovunjika, hapana: ncha yake kali iko sentimita chache kutoka kwenye ubavu wa tairi. U-bolti iliyolegea na boli jointi inayocheza, hapana vilevile.

Na nati za gurudumu zilizolegea, simama hapohapo ulipo. Zikaze kwa kuvuka, moja huku na inayofuata upande wa pili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukikuta matundu ya rimu yameshakuwa na umbo la yai, rimu hiyo usiifunge tena.